Hawakuwa Wamelala

Asubuhi baada ya ugomvi, mama anafagia vipande vya chupa ya chai. Wifi yake amepita mapema kwa sababu habari zimemfikia, na kabla hajauliza lolote mama anasema: "Afadhali watoto walikuwa wamelala." Pembeni yao mtoto wa miaka minane ameshaamka bila kuitwa, amevaa sare, amemnawisha mdogo wake uso na shuka amelikunja. Wifi anamsifu kwamba huyu mtoto ana akili. Hakuna anayejiuliza kwa nini mtoto wa umri huo amekunja shuka saa kumi na mbili asubuhi bila kuambiwa.

Mwongozo huu ni wa watu waliosimama katika asubuhi hiyo: mama mwenye ufagio, wifi, jirani aliyesikia kupitia ukutani, mwalimu atakayempokea mtoto saa moja baadaye, na baba pia kama atasoma. Kwa sehemu kubwa nasema na wewe unayepigwa huku unalea. Wapo wanaume wanaopigwa, na haya yanawahusu vilevile, ila katika nyumba nyingi anayefagia ni mama, kwa hiyo nitamwita mama. Usiache kusoma kwa kuogopa lawama. Kosa la kupiga ni la anayepiga, na wewe hapa unatafutiwa namna ya kumpitisha mtoto salama.

Mtoto anajua

Anza kwa kuliacha lile neno la "walikuwa wamelala". Nyumba zetu nyingi hazina dari. Ukuta unaotenga vyumba unaishia njiani na sauti inapita juu yake. Hata penye dari, mtoto hahitaji kuona kofi. Anautambua mlio wa pikipiki ya baba na anajua viatu vilivyovuliwa taratibu vina maana gani, na vilivyotupwa vina maana gani. Analala amejikaza, masikio yako mlangoni, na ukichungulia anafumba macho kwa sababu anadhani hilo ndilo litakalokupunguzia wasiwasi.

Hata mtoto mchanga haponi. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, walipima ubongo wa watoto wa miezi 6 hadi 12 wakiwa usingizini huku wakiwasikilizisha sauti za mtu mzima, nyingine za kawaida, nyingine za hasira kali. Wale waliotoka katika nyumba zenye magomvi mengi, ubongo wao uliitikia zaidi sauti ya hasira, na zilizoitikia ni sehemu zinazohusika na hisia na msongo. Wakati huo walikuwa wamelala.

Mtoto wako hayuko peke yake. Utafiti wa Umoja wa Mataifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliotolewa mwaka 2006, ulikadiria kuwa kati ya watoto milioni 133 na milioni 275 duniani hushuhudia ukatili nyumbani kila mwaka. Kwetu Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walishawahi kupigwa tangu walipofikisha miaka 15. Utafiti huohuo uliuliza kama mume ana sababu halali ya kumpiga mkewe, kwa mfano akiunguza chakula au akitoka bila kuaga. Asilimia 58 ya wanawake walikubali angalau sababu moja. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 40. Mtoto anapokea somo hilo kwa watu wawili anaowaamini kuliko wote duniani.

Namna inavyojitokeza

Mtoto mchanga atalia bila kubembelezeka, atashtuka kwa mlango tu, pengine atasusa ziwa. Wa miaka miwili hadi mitano anarudi nyuma: alishaacha kukojoa kitandani, anaanza tena, alishazoea kubaki kwa bibi, sasa anashikilia gauni lako mpaka mlango wa choo. Mtazame anavyocheza. Akimpiga mwanasesere huku akimwambia "nyamaza, nyamaza", amekusimulia.

Wa shule ya msingi anaumwa tumbo au kichwa, anasinzia darasani, anapigana na wenzake kwa jambo la penseli. Na kuna jambo moja ambalo walimu na wazazi hulisoma vibaya, nami naomba likumbukwe: mtoto anayetoroka shule na kukutwa akizunguka karibu na nyumba yao mara nyingi yuko zamu. Anakulinda. Anadhani akiwepo, baba hatapiga, au akipiga atakuwepo wa kuita watu. Kumchapa kwa utoro ni kumwadhibu kwa kumpenda mama yake.

Kijana anaweza kuanza kukujibu kwa sauti ileile ya baba yake, maneno yaleyale. Binti anaweza kukimbilia kwa mwanaume yeyote atakayemtoa nyumbani. Mvulana akisema "nikikua nitampiga mzee," usicheke wala usimtie moyo. Anapanga kweli, na siku atakapojaribu anaweza kuua au kuuawa.

Kisha kuna yule wa shuka lililokunjwa. Mtoto anayewasumbua watu atapata angalau wa kumuuliza ana nini. Huyu mwema kupita kiasi, asiyevunja kitu, asiyedai daftari jipya, anayeangalia uso wako kabla ya kusema njaa inamuuma, anasifiwa na kuachwa. Ndiye ninayemhofia zaidi.

Tahadhari moja: kukojoa kitandani kunaweza kuwa maambukizi ya njia ya mkojo, na tumbo linaweza kuwa minyoo. Mpeleke zahanati kwanza. Na ukiona dalili au ukisikia neno lolote linaloashiria kwamba amechezewa mwili wake, usimwogeshe, usifue nguo alizovaa, mfikishe hospitali haraka iwezekanavyo na kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kuzuia VVU hazifai tena muda huo ukishapita. Hata ukiwa umeshapita, mpeleke. Yapo mengine ya kumtibu.

Maneno ya kumwambia

Hapa ndipo wengi tunaposhindwa. Tulilelewa kwamba mtoto haambiwi mambo ya wakubwa, kwa hiyo tunanyamaza, na yeye ananyamaza, na kimya hicho anakijaza mwenyewe. Anakijaza vibaya. Tuseme ugomvi wa usiku ule wa chupa ya chai ulianza kwa hela ya mtihani. Alisikia jina lake likitajwa, kisha akasikia kofi. Hesabu anayopiga ni fupi: mimi ndiye niliyesababisha.

Zungumza naye mapema, ikiwezekana siku hiyohiyo, nyumba ikiwa imetulia na anayepiga hayupo. Usimkalishe kama shaurini. Watoto husema vizuri mikono ikiwa na kazi na macho yana pa kuangalia: mnachambua mchicha, mnakwenda dukani, unamsuka nywele. Sema kilichotokea kwa maneno machache ya kweli: "Jana usiku ulisikia makelele. Baba alinipiga. Kumpiga mtu ni kosa, hata awe nani. Wewe hukufanya kosa lolote. Hata hela ya mtihani siyo sababu." Kisha nyamaza umwachie nafasi. Pengine hatasema neno. Pengine atauliza kama mchana kuna wali. Mjibu habari ya wali. Amekusikia, na atarudi siku nyingine, usiku kwa kawaida, taa ikiwa imezimwa.

Swali litakalokuja ni hili: "Baba ni mtu mbaya?" Usilikimbie, wala usilitumie kulipiza. Mwambie, "Baba anafanya jambo baya, na anapaswa kuliacha. Kumpenda unaruhusiwa." Mtoto anayemwogopa baba yake na kumpenda kwa wakati mmoja anajiona msaliti kila upande. Mtue mzigo huo.

Yapo maneno ambayo tumeyazoea na yanadhuru. "Ya nyumbani yaishie nyumbani" linamfunga mdomo mtoto hata siku nyumba itakapoungua. Badala yake mtajie watu wawili: "Mambo haya hatumwambii kila mtu, lakini mama mdogo na mwalimu wako unaweza kuwaambia saa yoyote, sitakukasirikia." "Sasa wewe ndiye mwanaume wa nyumba hii" linamtwisha mtoto wa miaka kumi kazi iliyomshinda mtu mzima. "Haitatokea tena" ni ahadi isiyo mkononi mwako. Ikivunjika, anapoteza imani na wewe pia. Mwambie unachoweza: "Natafuta watu wa kutusaidia." Usimtume kukagua simu ya baba, usimlaze katikati yenu awe ngao, usimuulize mbele ya wazee nani mwenye makosa.

Mpango wa usiku

Sehemu hii isome polepole, ikiwezekana na mtu unayemwamini. Tuchukulie kwamba itatokea tena, kwa sababu mara nyingi hutokea tena, na tupange kabla.

Kitu cha kwanza ni mahali. Ugomvi ukianza, usikimbilie jikoni. Kuna visu, mchi, jiko la mkaa, maji ya moto. Usikimbilie chooni wala stoo, mahali penye mlango mmoja na huyo mtu amesimama mlangoni. Sogea upande wenye njia ya kutokea nje. Mchukue mtoto wako mchana, nyumba ikiwa tulivu, umfundishe vivyo hivyo: kelele zikianza, yeye na wadogo zake wanaelekea upande gani, na nje wanakwenda kwa nani.

Mfundishe jambo moja kuliko yote, nalo ni asiingie katikati. Watoto huumia hapo, wakiwa wamemng'ang'ania baba mguu au wamejilaza juu ya mama. Mwambie wazi: "Najua unataka kunisaidia. Ukitoka na mdogo wako mkaenda kwa mama fulani, umenisaidia. Kazi yako ni hiyo tu." Bila maneno hayo atajiona amekutoroka, na hatatoka. Kama wa mwisho bado anabebwa, amua mapema nani anambeba; usiku wa vurugu si wakati wa kugawana kazi.

Kubaliana na jirani neno la siri. Liwe la kawaida kabisa: mtoto akibisha na kusema "mama anaomba kibiriti", jirani ajue kibiriti si kibiriti, awapokee watoto, aite watu. Mazoezi yafanyeni kama mchezo: mnahesabu hatua kutoka kitandani hadi kwa jirani, gizani, macho yamefumbwa, mnacheka. Mtoto mdogo mwambie sehemu yake tu, kwa sababu akiulizwa na baba atasema yote bila nia mbaya. Mkubwa akariri namba za simu mbili kichwani, kwani simu yako ndiyo huvunjwa kwanza.

Kisha begi, na lisikae ndani. Liwe kwa dada yako, kwa jirani, hata kazini. Weka vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki, kitambulisho cha taifa au nakala yake, kadi ya bima, dawa za anayetumia dawa kila siku, nauli, sare moja kwa kila mtoto, na kitu kimoja anachokipenda kila mmoja, hata kiwe kanga kuukuu anayolalia. Ukikwama kupata vyeti halisi, vipige picha na umtumie mtu, kisha futa kwenye simu yako.

Kama unafikiria kuondoka moja kwa moja, jua kwamba siku za kuondoka na wiki zinazofuata ndizo za hatari kubwa zaidi. Usiitangaze safari kwa hasira. Usimwachie mtoto awe wa kuaga. Ondoka mchana, yeye akiwa kazini, ukiwa umeshajua unalala wapi. Nyumba salama kwa wanawake na watoto zipo lakini ni chache. Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri au polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto ndio wanaojua ipi ina nafasi.

Kwa jirani na ndugu

Tuna methali inayosema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Kwa ugomvi wa mipaka ya shamba inafaa. Mtoto anayesikiliza mama yake akipigwa hana jembe wala pa kwenda kulima, na anasikia pia redio yako ikiongezwa sauti. Anajua umesikia. Kila usiku unaopita bila mtu kubisha unamthibitishia kwamba haya ni ya kawaida.

Huhitaji kuwa shujaa. Bisha hodi ukaombe chumvi. Ita kwa sauti kutoka uani, "Mama fulani, mko salama?" Nenda na watu wengine wawili watatu. Mwite balozi au mwenyekiti wa mtaa. Ukisikia silaha au vilio vya kuomba roho, usiingie peke yako. Piga polisi 112. Usirekodi video kuirusha kwenye makundi ya simu, kwa sababu mtoto yule kesho anakwenda shule na wenzake wameshaiona. Na mchana, mchana ulio mtulivu kabisa, mwambie mama yule maneno haya tu: "Watoto wako mlango wangu wanaujua. Saa yoyote."

Kwa shangazi na wazee wa ukoo nina neno gumu kidogo. Vikao vyetu vimeokoa ndoa nyingi, sikatai. Lakini kikao kinachomwomba mama avumilie kwa ajili ya watoto hakijawauliza watoto. Kinachomtoza mume mbuzi na kuishia kwa kula pamoja kimewafundisha watoto bei ya kumpiga mama. Mkikaa, kaeni na swali moja mezani: nani kati yetu ataishi na watoto hawa wiki hii, na nani atakwenda kuangalia kila Ijumaa jioni? Majina yatajwe. Na msimwite mtoto kutoa ushahidi mbele ya baba yake, hata mkiwa na nia njema kiasi gani.

Kwa mwalimu

Utamjua kabla ya wote, maana wewe unamwona kila siku. Usimtake asimulie mbele ya darasa au ofisini penye walimu sita. Mtume chaki, mfuate varandani, umwambie: "Nimeona siku hizi umechoka. Kama kuna jambo linakutisha nyumbani unaweza kuniambia. Usipotaka leo, hata kesho." Akisema, sikiliza bila kuruka na maswali. Mwambie umemwamini. Usiahidi kwamba hutamwambia mtu, kwa sababu utalazimika. Andika maneno yake kama alivyoyasema, na tarehe, kisha yapeleke kwa mwalimu wa malezi na kwa Ustawi wa Jamii. Kosa kubwa ni kumwita baba shuleni "tuyamalize". Mtoto atarudi nyumbani na baba aliyeaibishwa.

Kanuni za shule zetu bado zinaruhusu viboko kwa masharti. Mwalimu una hiari ya kutovitumia, na kwa mtoto huyu nakuomba usivitumie kabisa. Amechelewa kwa sababu amelala saa tisa usiku. Akiinuliwa mkono, hasikii tena unachosema.

Sheria na ofisi

Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila inasema vinginevyo. Maneno hayo yapo tangu mwaka huo na bado kuna watu wazima wanaoapa kwamba sheria inamruhusu mume. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mzazi wajibu wa kumkinga mtoto dhidi ya ukatili, na inamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azipeleke serikali ya mtaa. Zanzibar ina Sheria yake ya Mtoto ya 2011. Kenya ina sheria mahususi ya ukatili wa majumbani ya mwaka 2015, ambayo humwezesha mtu kupata amri ya mahakama ya kumzuia anayepiga. Sisi bado hatuna sheria ya namna hiyo.

Kituo cha polisi, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Hapo hutahojiwa kaunta mbele ya kila mtu. Utapewa fomu ya polisi, PF3, ya kwendea hospitali. Kama damu inatoka au mtoto ameumia, hospitali kwanza, fomu itafuata. Baadhi ya hospitali zina kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii wanapatikana sehemu moja, mtoto asirudie maelezo yake kwa watu watano. Na popote utakapoandikisha maelezo, sema: "Watoto walikuwepo," utaje umri wao. Lisipoandikwa siku hiyo, baadaye litaonekana umelitunga.

Namba 116 ni ya bure, ya kusaidia watoto, Bara na Visiwani. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga, jirani pia. Kenya namba hiyohiyo inafanya kazi, na ipo 1195 kwa ukatili wa kijinsia. Kwa masuala ya talaka, matunzo na malezi, tafuta msaidizi wa kisheria wa kata yako, au vyama kama TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu.

Hofu inayowabakisha wanawake wengi ndani ni ile kauli ya "ondoka, watoto unawaacha." Katika koo nyingi zinazofuata upande wa baba hiyo ndiyo mila, na mahari hutajwa kama risiti. Mahakama haianzii hapo. Inaangalia kwanza ustawi wa mtoto, na kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa kinachukulia kuwa mtoto aliye chini ya miaka saba anafaa kukaa na mama yake, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Si tiketi ya moja kwa moja, lakini nenda mahakamani ukijua ipo.

Kama mkono ni wako

Baba, umefika hapa, soma na haya. Leo jioni ukiingia ndani, usiseme kitu. Angalia watoto wanafanya nini sekunde ile unapofungua mlango. Kama mazungumzo yanakatika, kama mdogo anamtazama mkubwa kabla ya kukuamkia, unajua. Shikamoo ya mtoto mwenye hofu unaitambua.

Pombe haikutumi kupiga. Ungekuwa unampiga mwenye baa. Ukihisi mwili unapanda, toka nje, zunguka mtaa, rudi wakishalala. Ukishakosa, waombe watoto radhi kwa kutaja ulichofanya: "Nilimpiga mama yenu, nilikosea, halikuwa kosa lenu wala lake." Usiwatake waseme wamekusamehe. Usiwatume wakamlainishe mama yao. Usiwanunulie soda asubuhi ile. Wataanza kuijua soda hiyo ni ya nini. Kisha tafuta wa kukushika: Afisa Ustawi, sheikh au mchungaji asiyekuogopa, rafiki aliyewahi kuacha. Mwambie ukweli wote, na umpe ruhusa ya kukupigia kila Jumamosi usiku kukuuliza.

Baada ya hapo

Utafiti mkubwa uliofanyika San Diego, Marekani, na kuchapishwa kuanzia 1998, uliwauliza watu wazima zaidi ya 17,000 kuhusu utoto wao, na swali mojawapo lilikuwa kama mama yao alikuwa akipigwa. Kadiri mtu alivyopitia mabaya mengi utotoni, ndivyo alivyokuwa katika hatari zaidi ya maradhi ya moyo, ulevi na sonona ukubwani. Nayataja ili ujue jambo hili si la hisia tu, linaingia mwilini. Lakini hatari si hukumu. Watoto wengi waliotoka katika nyumba kama hizi wamekua watu wapole kabisa, na kinachotajwa tena na tena na wanaowashughulikia ni mtu mzima mmoja aliyekaa nao bila kuyumba. Anaweza kuwa bibi. Anaweza kuwa wewe.

Kutoyumba kwenyewe ni kwa mambo madogo. Chakula saa ileile. Kulala saa ileile, na taa ya varandani ikiwaka kama anataka. Muage kila unapotoka na umwambie unarudi saa ngapi, kisha urudi saa hiyo. Mwachie achore, acheze mpira, apige kelele. Kelele za mtoto ni habari njema katika nyumba iliyokuwa kimya. Atakasirika pia, na hasira hiyo ataimwaga kwako kwa kuwa kwako ndiko salama. Msimamishe asipige mtu, ila usimnyime hasira.

Ipo siku kikombe kitamponyoka. Atasimama pale pale, mabega yamepanda, macho kwako. Usiseme kwa haraka, na usiinuke kwa haraka. Muulize kama amejikata. Leteni ufagio, yeye ashike kizoleo, wewe ufagie, taratibu, mpaka vipande viishe.